Nani alikuwa anaongea na watoto wetu? Historia ya ukimya katika nyumba za Kivu

Kila mara tukigusa kwenye radio mambo ya mwili, ya hedhi, ya mimba ao ya SIDA kati ya vijana, hakukosi mzazi wa kutupigia simu. Anasema kwa heshima kwamba mambo hayo yametoka kwa wazungu, na kwamba desturi yetu haimruhusu baba ao mama kuyataja mbele ya watoto. Mwingine anaongeza kwamba baba yake hakumwambia kitu hata siku moja, na alikomaa vizuri.

Wazazi hao wanasema ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Baba hakusema, ndiyo. Lakini kulikuwa mtu mwingine aliyesema, na kila mtu katika kijiji alimjua. Leo tunataka kufuata habari hiyo: nani alikuwa anaongea na watoto wetu, nani alimnyamazisha, na namna gani mzazi wa leo amebaki peke yake na kazi ambayo zamani haikuwa yake. Tunaandika kwanza kwa ajili ya familia zilizohama, kwa sababu kwao ukimya una bei, na bei hiyo inahesabiwa kwa masaa.

Kazi ilikuwa ya shangazi, ya bibi na ya wazee

Katika makabila mengi ya mashariki mwa Congo, kati ya mzazi na mtoto kulikuwa heshima ya kuogopana. Mama hakuongea na binti yake mambo ya kitanda, na baba hakumuuliza kijana wake kama ameanza kuota ndoto za kiume. Lakini mtoto hakulelewa na watu wawili tu. Kulikuwa shangazi, dada ya baba. Kwa wanaosema Kinyarwanda huko Rutshuru na Masisi anaitwa masenge, na kumtayarisha msichana kwa utu uzima ilikuwa kazi yake. Kule Buganda anaitwa ssenga. Familia zetu zilizokimbilia Uganda zinalijua jina hilo, maana mpaka leo kuna ma-ssenga wanaotoa mashauri hata kwenye radio.

Kisha kulikuwa bibi, koko kama wengi wanavyomwita. Kati ya bibi na wajukuu kulikuwa utani. Alichokiona mama kuwa haya, bibi alikisema kwa kicheko, jioni, wakati watoto wamelala kwake.

Kwa vijana wanaume pia kulikuwa mpango. Kwa Walega wa Mwenga, Shabunda na Pangi kulikuwa bwali: vijana walipelekwa porini, wakatahiriwa, wakakaa na wazee wakifundishwa namna mwanaume anavyopaswa kuishi. Na kwa watu wazima kulikuwa bwami, chama cha kupanda ngazi kwa ngazi, wanaume pamoja na wake zao, ambamo masomo yalitolewa kwa mithali, kwa ngoma na kwa vitu vya kuchongwa.

Tusidanganyane: masomo hayo yote hayakuwa mazuri. Msichana alifundishwa zaidi kumtii mume kuliko kujijua mwenyewe. Wengi waliolewa mapema bila kuulizwa. Kisu cha kutahiri hakikuwa safi kila mara. Hatuandiki ili tuseme turudi nyuma. Tunasema jambo moja: mtoto alijua nani atamwambia, na wakati wa kuambiwa ulijulikana. Ukimya wa mzazi ulikuwa nusu moja ya mpango. Nusu ya pili ilikuwa sauti ya mtu mwingine.

Wakati wa Wabelgiji: nusu ya pili ikakatwa

Mapadri Weupe walichukua kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, katika mwaka 1885. Kisha misheni za Kikatoliki na za Kiprotestanti zilienea mpaka Kivu yote. Zilileta shule, hospitali na kuandika, na hakuna anayekataa mema hayo. Lakini wamisionari wengi waliona masomo ya porini na ya usiku kuwa upagani mtupu, wakawakataza wakristo kupeleka watoto huko. Utawala wa Wabelgiji nao ulikuwa na hofu yake: uliona vyama vya wazee kama mamlaka nyingine iliyojificha. Mwaka 1948 ulipiga bwami marufuku.

Mahali pa kufundishia pakawa shule. Karibu shule zote zilikuwa mikononi mwa misheni zenye kusaidiwa na fedha za serikali. Ni mwaka 1954 tu ndipo zilifunguliwa shule za kwanza za serikali zisizo za dini kwa watoto Waafrika. Msichana alifundishwa kushona, kupika, kulea mtoto na kusali. Juu ya mwili wake mwenyewe alisikia hasa neno moja: zambi.

Na kulikuwa jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Wakati ule wakubwa wa koloni walikuwa wanalalamika kwamba watoto wanaozaliwa ni wachache. Walihitaji watu kwa migodi, kwa mashamba na kwa barabara. Tarehe 26 mwezi wa sita 1933 walitoa amri iliyokataza kuonyesha, kuuza, kugawa na kutangaza njia za kuzuia mimba. Amri hiyo ilifuata sheria kama hizo zilizokuwa Ulaya. Hakuna mwami wala mzee wa kijiji aliyeulizwa. Na inchi ilipopata uhuru mwaka 1960, amri hiyo ilibaki katika vitabu vya sheria kwa miaka mingi sana.

Kwa hiyo, mzazi anaposema kwamba kunyamaza ni desturi ya mababu, akumbuke kwamba sehemu ya ukimya huo iliandikwa kama sheria, na Wabelgiji.

Kazi za mbali ziliongeza shida. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, kampuni Union Minière kule Katanga ilianza kuwaacha wafanyakazi wakae na wake zao katika kambi za kazi. Watoto wakazaliwa huko, mbali na kijiji. Shangazi alikuwa mwendo wa siku nyingi. Hapo ndipo mtindo tunaoujua leo ulianza: nyumba yenye baba, mama na watoto, bila yule mtu wa tatu aliyekuwa na kazi ya kusema.

Serikali ikaongea, wimbo ukaongea, mzazi akazima radio

Mwezi wa kumi na mbili 1972, Rais Mobutu alitangaza siasa ya « naissances désirables », yaani kuzaa watoto wanaotakiwa na kwa wakati unaotakiwa. Mwaka uliofuata kukawa kamati ya kitaifa ya kazi hiyo. Lilikuwa badiliko kubwa: serikali yenyewe ilisema kwamba kupanga uzazi si aibu. Lakini maneno hayo yalielekezwa hasa kwa watu wa ndoa. Kijana wa miaka 14 hakuwa ndani ya hotuba.

Kisha ikaja SIDA. Mwaka 1983 waganga kutoka inje walifika katika hospitali Mama Yemo ya Kinshasa kuchunguza ugonjwa mpya, na wakaukuta kwa wanawake na kwa wanaume karibu sawa. Mwaka 1984 kazi yao na waganga Wazaire ikawa Projet SIDA, moja ya kazi kubwa za uchunguzi wa ugonjwa huo katika Afrika, mpaka uporaji wa 1991 ulipowatawanya watu. Mwaka 1987 mwanamuziki Franco alitoa « Attention na SIDA ». Karibu wakati ule ule kondomu za Prudence zikaanza kuuzwa kwa bei ndogo, na jina hilo likawa kwa watu wengi jina la kondomu yoyote.

Basi katika nyumba nyingi sauti ya kwanza iliyotaja mambo haya mbele ya baba, mama na watoto pamoja ilikuwa ya radio. Wazazi wengi walifanya nini? Walizima, ao walimtuma mtoto kuteka maji. Na ujumbe wenyewe ulikuwa wa woga: SIDA inaua. Woga unaweza kumstusha kijana juma moja. Haumfundishi msichana kuhesabu siku zake, wala haumfundishi mvulana kwamba « hapana » ya msichana ni « hapana ».

Vita ikamtenga hata bibi

Tangu 1993, watu walipouana na kukimbia huko Walikale na Masisi, mashariki mwa inchi hayajatulia miaka mingi mfululizo. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda wakajaa Goma. Vita ya 1996, vita ya 1998. Volkano Nyiragongo katika mwezi wa kwanza 2002, na tena katika mwezi wa tano 2021. M23 mwaka 2012, kisha tena tangu mwisho wa 2021. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 Goma ikachukuliwa, na katika majuma yaliyofuata kambi za pembeni ya mji, kama Bulengo na Lushagala, zikavunjwa. Waliokuwa humo wakabeba mizigo mara ya pili, wengine mara ya nne ao ya tano.

Kila mara watu wanapokimbia, jamaa inakatika vipande. Bibi anabaki kijijini kwa sababu miguu haimchukui. Shangazi yuko Nakivale, Uganda, na simu yake haipatikani. Mjomba hajulikani alipo. Shule inafungwa, na pamoja nayo lile somo la « éducation à la vie » ambalo lingesaidia kidogo. Katika kibanda cha bashi, wazazi na watoto wanalala pamoja, na watoto wanasikia yote bila kuelezwa chochote. Msichana anakwenda kutafuta kuni na maji mahali ambapo watu wenye silaha wanapita.

Hapo ndipo tumefika. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu, kwa familia nyingi, baba ao mama ndiye mtu mzima wa pekee aliyebaki karibu na mtoto. Wasemaji wote wengine wameondolewa mmoja mmoja: na misheni, na sheria, na kazi za mbali, na vita. Lakini mzazi angali ameshika nusu yake ya zamani ya mpango, ile ya kunyamaza.

Masaa 72

Inchi yetu imefanya mengi kwa upande wa sheria. Tarehe 20 mwezi wa saba 2006 zilitiwa sahihi sheria mbili juu ya ubakaji na matendo mengine ya jeuri ya kimapenzi. Tangu hapo, mtu aliye chini ya miaka 18 anahesabiwa kuwa mtoto katika mambo hayo, mvulana na msichana. Sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumposa na kumuoza mtoto. Mwaka 2016 sheria ya jamaa ilisahihishwa: zamani msichana aliweza kuolewa akiwa na miaka 15, sasa ni 18 kwa wote wawili. Hospitali Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999, imetibu maelfu ya wanawake na wasichana, na muganga wake Denis Mukwege alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Dunia nzima ilisikia.

Lakini kati ya hospitali na mtoto kuna mlango mmoja, na mlango huo ni mzazi. Mtu aliyebakwa akifika kwenye kituo cha afya kabla ya masaa 72, yaani siku tatu, anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya SIDA visishike mwilini. Anazimeza kwa siku 28. Anaweza kupewa pia dawa ya kuzuia mimba, ambayo inafanya kazi vizuri zaidi ikimezwa mapema na haipiti siku tano, pamoja na dawa za magonjwa mengine ya zinaa. Siku tatu zikipita, zile dawa za kuzuia SIDA haziwezi tena kumsaidia, hata kama zimejaa kwenye kabati.

Sasa fikiria mtoto wa miaka 13 ambaye hajawahi kusikia mama yake akitaja sehemu hizo za mwili. Hana neno la kusemea. Anaogopa kupigwa, anaogopa kuambiwa kwamba yeye ndiye aliyetafuta. Anakaa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne anasema kwamba tumbo linamuuma. Kwa mvulana aliyebakwa ni vigumu zaidi, kwa sababu wengi hawajui hata kwamba jambo hilo linaweza kumpata mwanaume. Hiyo ndiyo bei ya ukimya tuliyoitaja mwanzoni.

Hata pasipo jeuri, bei ipo. Uchunguzi wa kitaifa wa EDS wa 2013-2014 ulikuta kwamba wasichana 27 kwa 100 wenye miaka 15 mpaka 19 walikuwa wamekwisha kuzaa ao walikuwa na mimba ya kwanza. Na mwaka 2023, huko Kamituga, mji wa dhahabu katika Mwenga, kulitokea aina mpya ya mpox iliyoenea sana kwa njia ya ngono. Tarehe 14 mwezi wa nane 2024 shirika la afya duniani OMS lilitangaza hali ya hatari kwa dunia. Ni katika inchi ile ile ya Walega ambapo zamani kila kijana alikuwa na wazee wa kumfundisha. Wakati huu, watumishi wa afya walipaswa kuongea mambo ya ngono na vijana wa migodi ambao wengi wao hawakuwahi kufundishwa na mtu yeyote.

Kukalia kiti cha shangazi

Mzazi anauliza: nianzie wapi? Tuanzie kwa yale ambayo shangazi na bibi walijua kufanya, tuache yale yaliyoumiza.

Hawakungoja shida. Walianza kabla ya damu ya kwanza. Mtoto wa miaka 9 ao 10 anaweza kuelezwa majina ya sehemu za mwili wake, na kwamba hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuzigusa kwa siri, hata kama ni ndugu, mwalimu, askari ao mwenye kugawa msaada.

Hawakusema yote siku moja. Leo hedhi: si ugonjwa, si laana, na hii ndiyo namna ya kujisafisha. Siku nyingine ndoto za usiku kwa mvulana. Siku nyingine mimba: inaweza kushika hata mara ya kwanza, hata kwa msichana ambaye bado hajaona damu. Siku nyingine kondomu, vipimo vya SIDA na njia za kupanga uzazi.

Waliongea wakati mikono iko kazini. Katika kibanda kimoja hakuna chumba cha siri, lakini kuna njia ya kwenda kwa bomba, kuna kuchambua maharagi, kuna kufua. Baba na kijana wanaweza kuongea wakifunga bashi. Mtu asiyetazamwa usoni anasema kwa urahisi zaidi.

Walitumia habari ya mtu mwingine. Badala ya kumuuliza mtoto « wewe umeanza? », uliza: « Msichana wa umri wako akisumbuliwa na mkubwa, anaweza kwenda kwa nani? » Jibu lake litakuonyesha anajua nini na anaogopa nini.

Na shangazi alichaguliwa. Kama haya inakushinda kabisa, usiache kiti kitupu. Chagua mtu mzima unayemwamini: jirani mwenye siri, mama wa kanisa ao wa msikiti, muuguzi, reko wa mtaa wako. Mwambie mtoto waziwazi: « Mambo haya nashindwa kuyasema vizuri, lakini mama fulani atakueleza, na nimemruhusu. »

Wengine wanaogopa kwamba kuongea ni kuwafungulia watoto mlango. UNESCO ilikusanya uchunguzi kutoka inchi nyingi katika mwongozo wake wa 2018: elimu hii haiwasukumi vijana kuanza mapema, na mahali pengi inawasaidia kuchelewa. Mzazi mwenye dini anaweza kumfundisha mtoto wake kungoja ndoa, ni haki yake. Lakini amfundishe pia masaa 72. Mbakaji haulizi kama mtoto anasali.

Kama una mtoto wa miaka kumi ao zaidi, anza juma hili na jambo moja tu. Mwambie: likikupata jambo lolote juu ya mwili wako, uje kwangu siku ile ile, hata usiku, sitakupiga, na tutakwenda pamoja kwa muganga. Maneno hayo hayahitaji kitabu wala masomo. Kisha uyarudilie mwezi ujao, kwa sababu mtoto anapima kama mzazi alisema kweli.